Kwa Nini Tunu Hamshiki Sokwe

Watoto ninaowafundisha wanaishi jirani na sokwe wanaojulikana dunia nzima, na karibu wote hawajawahi kumwona hata mmoja. Kutoka mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, hadi Hifadhi ya Taifa ya Gombe ni kilomita 16 hivi kwa maji. Boti za abiria zinazopanda kaskazini kwenda Mwamgongo hupita mbele ya hifadhi zikiwa zimejaa magunia, madumu ya mawese na kina mama wanaorudi sokoni. Watalii wanavuka bahari kuja kuwaangalia sokwe wale. Mtoto wa darasa la tatu wa Gungu au Ujiji haendi. Nauli na kiingilio ni kikwazo, halafu iko kanuni: watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe msituni, na ni kanuni nzuri, nitafika kwenye sababu yake. Basi mtoto wa Kigoma anamjua sokwe kwa kusimuliwa. Anayemsimulia ndiye anayeamua sokwe atakaa vipi kichwani mwa mtoto. Nilipolitambua hilo nikaanza kuyachukulia masimulizi ya Ijumaa kuwa kazi kamili, yenye maandalizi yake kama somo la hesabu.

Ijumaa mchana, usafi ukiisha, darasa la tatu na la nne wanakaa chini ya mwembe. Naita, "Hadithi, hadithi!" Wanaitika, "Hadithi njoo!" Mitaa ya jirani wanajua kwamba wiki imekwisha.

Mimi nimelelewa na Sungura na Fisi. Bibi yangu, Kasulu, alikuwa akitusimulia tukipukuchua mahindi, na aliyesinzia alikosa mwisho. Hadithi zile sizitupi na sitaki mtu yeyote azitupe. Zimetufundisha binadamu alivyo: mlafi anavyojiponza, mnyonge anavyojiokoa kwa akili, mkubwa anavyodanganywa na wanaomsifu. Lakini zinasema juu ya watu, sio juu ya wanyama. Siku moja niliuliza darasa sungura anakula nini. Wakajibu kwa pamoja: karanga za Fisi! Analala wapi? Hakuna aliyejua. Na fisi? Mlafi, mjinga, mwoga. Hakuna aliyekuwa amesikia kwamba fisi huwinda mwenyewe, tena kwa ustadi, wala kwamba katika kundi la fisi madoa mwenye cheo ni jike.

Hilo lisingenisumbua kama mtoto angeishia kwenye hadithi. Anakutana na mnyama mwenyewe. Bundi alitua juu ya paa la darasa letu mchana kweupe, na kabla sijatoka ofisini mawe yalikuwa yanarindima kwenye bati. Wale hawakuwa watoto wakatili. Kila walichowahi kusikia juu ya bundi ni msiba: akilia juu ya nyumba, mtu anakufa. Ijumaa iliyofuata nikawapa bundi wa namna nyingine. Nilimfuata usiku mmoja tu, kuanzia magharibi hadi alfajiri, panya mmoja baada ya mwingine, kwenye ghala la mahindi la mzee mmoja aliyelala fofofo bila kujua nani anamlindia chakula. Bundi wangu hakusema neno. Alisikiliza, akaruka bila sauti, akakamata, akameza, akarudi kusikiliza. Watoto wakataka kujua anamezaje panya mzima, mifupa inakwenda wapi. Nikawaambia huitapika, imefungwa na manyoya katika donge dogo, na ukitembea chini ya mti anaolala utayakuta madonge hayo. Jumatatu madonge mawili yalikuwa juu ya meza yangu, yamefungwa kwenye karatasi ya daftari.

Tangu hapo sharti la kwanza la hadithi za Ijumaa likawa hili: mnyama haongei Kiswahili. Ana sauti yake na shughuli zake, na msikilizaji atajua anataka nini kwa kumwangalia anavyofanya. Walimu wenzangu walidhani hadithi itapwaya. Nami nilikuwa na wasiwasi huo. Kumbe mtoto akijua mnyama hatafunguka kinywa na kujieleza, anasikiliza kwa umakini zaidi, maana lazima atafute mwenyewe.

Binadamu wa hadithi hizi ni Tunu, mtoto niliyemtunga, mwenye miaka tisa, mama yake muuza mawese Kibirizi. Tunu ana mguu mwepesi na maswali mengi. Lakini kabla Tunu hajazaliwa kulikuwa na mtoto mwingine, wa kweli, na yeye ndiye aliyenionyesha safari ya mtoto na mnyama inavyoweza kuwa ndogo na bado ikawashika.

Msichana wa Kiingereza, umri wake miaka minne hivi, alijiuliza yai linatokea wapi kwa kuku. Hakuna aliyemjibu akaridhika. Akaingia kwenye banda la kuku, akajificha kwenye majani makavu, akatulia. Saa zikapita. Nyumbani wanamtafuta, jua linazama, mama yake ana hofu. Mara anatokea mbio, majani yamejaa nywelani, macho yanang'aa: ameona yai likitoka. Mama hakumchapa. Alikaa chini akasikiliza kisa chote cha yai. Msichana huyo ni Jane Goodall. Tarehe 14 Julai 1960, akiwa na miaka 26, alishuka ufukweni Gombe, na aliyefuatana naye ni mama yule yule, kwa sababu wakuu wa serikali ya kikoloni hawakukubali msichana akae msituni peke yake.

Nilipomaliza kusimulia nikawapa kazi ya nyumbani. Kila mmoja achague kiumbe, akae naye bila kumgusa mpaka amwone akifanya jambo ambalo hakulijua. Jumatatu ilikuwa vigumu kuanza kipindi. Kuku hana njia ya kumeza maji ameinama, lazima ainue kichwa kila tone. Mjusi wa ukutani anapiga pushapu, tena akimwona mjusi mwenzake. Buibui amekula utando wake mwenyewe. Binti mmoja, mkimya ambaye sauti yake nilikuwa naisikia kwenye kuitika majina tu, alisimama akasema, "Madam, nimekaa mpaka mama akadhani naumwa." Alikuwa amewaangalia sisimizi wakihamisha mayai yao kabla ya mvua. Huyo hadi leo ndiye anayenisahihisha.

Nikaja kuelewa kwamba heshima kwa mnyama huanza na subira. Mtoto ambaye ametulia nusu saa mbele ya mjusi hampigi jiwe mjusi yule. Sijawahi kulazimika kumkataza.

Baada ya kuku tukaenda Gombe. Tunu yuko mbali, juu ya kilima, amemwona sokwe dume ameketi kando ya kichuguu, amewapa watu mgongo, mkono unakwenda na kurudi. Nikaikatisha hadithi hapo, nikauliza anafanya nini. Anakula udongo. Ameangusha kitu. Anaumwa tumbo. Hakuna aliyepata, kwa hiyo tukaenda wote nyuma ya vyoo vya shule ambako kuna kichuguu kinachotuzidi kimo. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zimenyesha, msimu ambao kila nyumba huku inasubiri kumbikumbi. Nikakwaruza kwa kucha mahali palipozibwa kwa udongo mbichi, tundu likaonekana. Nikawaambia: nipeni mchwa, bila kubomoa nyumba yao.

Walichuma nyasi. Bua nene halikupita, tundu lina kona. Jani laini lilijikunja mlangoni. Mmoja akapata bua la kufaa, akalichovya, akalivuta kwa nguvu, likatoka tupu. Ukivuta haraka mchwa wanaachia. Akaja mwenye subira, akavuta polepole, na kwenye ncha ya bua walining'inia askari watatu wenye vichwa vikubwa vyekundu, wameng'ata na hawaachii. Askari hung'ata chochote kinachoingia nyumbani kwao, ndiyo mbinu yenyewe. Kelele zilizopigwa zilimtoa mkuu wa shule ofisini. Wakawala? Wawili waliwala, kwa kujionyesha.

Ndipo nikamalizia hadithi. Mwaka ule wa 1960, sokwe wa kwanza kumzoea Jane alikuwa dume mwenye ndevu za mvi kidevuni. Alimwita David Greybeard. Alimwona akifanya hivyo hivyo, akichagua bua, akilivuta polepole, akiwatoa mchwa kwa midomo. Sokwe wengine walikata vijitawi na kuvua majani yake kabla ya kuvitumia, yaani walitengeneza kifaa. Hadi wakati huo vyuoni walikuwa wanafundisha kwamba kutengeneza vifaa ni kwa binadamu peke yake. Mwanafunzi aliyekuwa amevuta bua tupu mara nyingi kuliko wote akasema taratibu, "Madam, yule sokwe anajua kazi." Sikuwa nimelisema neno heshima. Lilikuwa mkononi mwake, katika vidole vilivyoshindwa kufanya ambacho sokwe anafanya akiwa amesinzia nusu.

Nikawaongezea jambo moja nililokuwa nimeliweka akiba. Watafiti wa Gombe walichapisha mwaka 2004 kwamba watoto wa kike wa sokwe hujifunza kuvua mchwa mapema kuliko wa kiume, kwa sababu wa kike hukaa kumwangalia mama anavyofanya, na wa kiume huzunguka wakicheza. Darasa liligawanyika mara mbili na kipindi kilikwisha kwa mabishano. Nayatamani mabishano ya namna ile kila wiki.

Sasa nije kwenye ile kanuni. Kila darasa nililowahi kulisimulia limenidai kitu kimoja: Tunu ambebe mtoto wa sokwe. Ampe ndizi, amzoeze, amlete Kibirizi, walale kitanda kimoja. Nalielewa ombi hilo, ni upendo. Vitabu vingi vya picha vinaishia hapo hapo, mtoto na mnyama wamekumbatiana. Lakini mimi naishi mahali ambapo mnyama huyo yupo kweli, nyuma ya kilima, na mtoto anaweza kuinuka kwenda kujaribu. Hadithi inayoishia kwa kukumbatiana ni hatari kwa wote wawili.

Kwa hiyo nawasimulia ndizi zilileta nini. Miaka ya mwanzo ya utafiti, sokwe wa Gombe walikuwa wanapewa ndizi kambini ili waonekane kwa karibu. Wakaanza kusongamana mahali pamoja, wakagombana kuliko kawaida yao, na nyani nao wakaja kudai fungu lao. Ndizi zikapunguzwa, baadaye zikaachwa kabisa. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio ukawapata. Sokwe walipooza mikono na miguu, wengine wakafa. Baadaye yakaja magonjwa ya kifua, na vifo vingine. Sisi na sokwe tumefanana sana kimaumbile, mafua yetu yanaingia kwao bila hodi, na mafua ambayo kwako ni siku tatu za kupiga chafya kwa sokwe yanaweza kuwa kifo. Ndiyo maana anayewatembelea leo anavaa barakoa na kubaki umbali wa mita 10, na anayeumwa haingii. Mtoto wa miaka minane hana wiki isiyo na kamasi. Nikilieleza hivyo, wanaelewa kanuni kwa nini ipo, na hakuna anayenuna.

Kisha nikaandika hadithi ambayo mpaka sasa wanaidai kuliko zote: Tunu ana mafua. Amepanda kilima kutwa nzima na mlinzi wa hifadhi. Hatimaye wako mbele yake, mama na mwanawe, wanakula tini. Na pua inaanza kuwasha. Hadithi nzima ni hiyo chafya. Anarudi nyuma hatua moja, majani yanalia, mama sokwe anageuka. Hatua nyingine. Watoto wanaziba pua zao wenyewe wakisikiliza. Tunu anafika chini bondeni, anapiga chafya kwenye kiwiko, na kule juu sokwe wanaendelea kula tini. Darasa hupiga makofi hapo. Nilihofia kwamba umbali ungeua msisimko, lakini umbali ndio uliouleta. Anayemkimbilia mnyama kwa mikono miwili hana safari tena, amefika.

Tuliipima mita 10 uwanjani kwa kamba. Mtoto mmoja akawa sokwe, akapewa embe, wengine wakamkaribia. Waliposimama kwenye alama na kunyamaza, alikula embe lake lote bila kuinua kichwa. Walipovuka alama wakicheka, aliacha kula akawatazama. Akatuambia mwenyewe, "Nilikuwa najisikia vibaya." Alikuwa sokwe dakika tano tu.

Na kuhusu kumleta mtoto wa sokwe nyumbani, hapo nasema ukweli bila kuuvika nguo. Mtoto wa sokwe hunyonya miaka minne au mitano. Kila jioni mama anakunja matawi juu ya mti, anatengeneza kiota kipya, na mwanawe analala humo naye mpaka mdogo wake azaliwe. Mama hamwachii mtu mwanawe. Wanaotaka kumchukua mtoto humuua mama kwanza. Naliambia darasa la nne hivyo hivyo. Hakuna aliyerudia ombi la kitanda.

Kisa cha Flo na mwanawe Flint nakisimulia kwa nadra. Flo alikuwa mama mzee wa Gombe. Alikufa mwaka 1972. Flint alikuwa na miaka minane hivi, umri wa kujitegemea, lakini alikaa pale alipokufa mama yake, akaacha kula, na wiki chache baadaye naye akafa. Sikisimulii kwa ajili ya fundisho lolote. Kuna mvulana anayelelewa na bibi yake, ameniomba kisa hicho zaidi ya mara moja, na kila akiomba nakisimulia. Na Jane alipofariki, tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, ni yeye aliyeuliza kama sokwe wa Gombe wameambiwa.

Kuna wanyama ambao sharti lao la kwanza ni woga. Mzazi mmoja kutoka upande wa Uvinza, mto Malagarasi unakopita, alinieleza jinsi mtoto wa huko anavyofundishwa kuteka maji: angalia kwanza, sikiliza, usisimame kati ya kiboko na maji, usiiname mahali penye kina bila mtu mzima. Hadithi ya kiboko mnene mpole anayebeba watoto mgongoni siwezi kuisimulia kwa mtoto anayekwenda kuteka maji kesho asubuhi. Hata sokwe nasema nguvu zake. Mwaka 2002, Gombe, sokwe dume alimnyakua mtoto wa binadamu mwenye mwaka mmoja na kitu, akamuua. Hilo silipeleki darasa la tatu, lakini liko mezani kwangu kila ninapoandika. Ninachotaka ni mtoto ajue kuondoka. Tunu anaondoka mara nyingi katika hadithi zangu, na anaondoka kichwa juu.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulipatia njia ni mtu mwenye panga. Katika hadithi nyingi za wanyama wa porini, adui ni mkata miti, mchoma mkaa, mwindaji. Anaingia mwanzoni akiwa mbaya na mwishoni anaaibishwa. Darasani kwangu mtu mwenye panga ni baba wa mtoto aliyekaa mstari wa pili. Panga hilo limenunua sare. Nikimfanya baba yake shetani wa hadithi, mtoto huyo atachagua upande, na atachagua upande wa baba yake, na yuko sahihi.

Ukweli wa milima yetu unatosha bila shetani. Ukipita kwa boti unaona mwenyewe: ndani ya mpaka wa hifadhi msitu unashuka mpaka kwenye mchanga, nje ya mpaka ni mihogo, michikichi na sehemu ambazo zilibaki nyasi tupu. Gombe yenyewe ni ndogo, nchi kavu yake ni kama kilomita za mraba 35. Sokwe wamefungiwa humo na mashamba yetu. Nasi tumebanwa na ziwa upande mmoja na miteremko upande mwingine. Mwaka 1994 taasisi aliyoianzisha Jane ilianza mradi wa TACARE na vijiji vya huku, na walianza na yale wanakijiji waliyosema yanawauma: maji, afya, shule, mashamba. Misitu ya vijiji ikatengwa baadaye, kwa makubaliano ya vijiji vyenyewe. Naupenda mpangilio huo, na nimeuiga katika kutunga. Naanza na njaa ya mtu, kisha nafika kwenye njaa ya sokwe.

Hivyo katika hadithi moja babu yake Tunu ana michikichi karibu na mpaka wa hifadhi. Sokwe wanapenda chikichi. Wa Gombe huila sana, wanang'oa tunda moja moja na kutafuna nyama yake ya rangi ya chungwa. Alfajiri babu anakuta makapi chini ya mti, yametafunwa, bado yana mate. Nimekaa sana kwenye makapi hayo, kwa sababu kila mtoto hapa amewahi kutafuna chikichi ya kuchemsha na kutema makapi ya namna ile ile. Babu ana hasira na ana haki. Anaingiza watoto ndani, anapiga debe, sokwe wanaondoka. Kesho wanarudi. Anakwenda kwenye mkutano wa kijiji na maneno makali, na anasikilizwa. Hadithi haimpi babu ushindi, wala haiwapi sokwe. Inampa Tunu kazi ya kuhesabu mikungu iliyoliwa na iliyobaki, ili babu akizungumza awe na hesabu. Nilidhani watoto wangechoshwa na mkutano wa kijiji. Wakauigiza wiki nzima wakati wa mapumziko, na kila mtu alitaka kuwa babu.

Hadithi ninayoiandika sasa iko majini. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapumzike na kuzaliana. Kwa watoto wa wavuvi hiyo ni habari kubwa kuliko sokwe wote. Nikamchagua samaki aitwaye kuhe. Mzee mmoja wa Katonga aliniambia kuhe mwenye watoto hakimbii, utamfuata naye atakufuata. Ni kweli: dume na jike hulinda pamoja, vifaranga wamezagaa juu ya mchanga katikati yao, na mwingine akisogea wanamkabili. Maji yetu ni maangavu, kwenye miamba unaweza kuyaona hayo ukiwa umekaa ndani ya mtumbwi. Tunu anayaona hayo akiwa na mjomba wake ambaye nyavu zake zimetundikwa nyumbani.

Niliposoma sehemu hiyo chini ya mwembe, mvulana ambaye baba yake hufanya kazi kwenye kipe, chombo cha kuvulia dagaa usiku, alinyoosha mkono. "Madam, na kina Tunu wanakula nini hiyo miezi mitatu?"

Nikaenda mwaloni kuuliza. Wengine huhamia kwenye mihogo. Wengine wanashona nyavu na kuziba mitumbwi, wanakopa dukani, wanalipa mwezi wa tisa. Mama mmoja muuza dagaa alinionyesha gunia alilolikausha mwezi wa nne na kulificha asiliuze, kwa ajili ya nyumba yake. Yote hayo yameingia kwenye hadithi. Tunu anakula ugali wa muhogo na kisamvu, dagaa wanahesabiwa kwenye sahani, mjomba ameuza redio na hataki kuongea na mtu, na bado asubuhi moja anampeleka mpwa wake kwenye miamba amwonyeshe kuhe. Darasa halijakubaliana mwisho uweje. Wengi wanataka ziwa likifunguliwa mjomba apate samaki wengi. Binti wa sisimizi anasema kuhe wale wawili asiwaguse. Nimeandika kwamba alirudi na migebuka, samaki wa aina nyingine, na wamekubali kwa shingo upande.

Yule mvulana ameomba atunge yeye hadithi inayofuata, ya usiku kwenye kipe na baba yake. Nimempa daftari na masharti ni yale yale. Jana alikuja ofisini kuuliza kama dagaa nao wanahesabika kuwa wanyama. Nimemwambia ndiyo, na aanze na wanachokula.